Mafundi wasikimbilie kuuita ufunguo wa Windows feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa kompyuta wa Dar es Salaam, pamoja na sisi wateja wao, juu ya jambo moja: ufunguo wa Windows, yaani namba ya leseni yake, ukikataliwa wakati wa kuweka programu upya, kwanza itazamwe ni toleo gani lililowekwa, Home la nyumbani au Pro la kazini, kabla ya mtu kuambiwa kwamba aliuziwa feki.

Nina steshenari Sinza. Hivi karibuni diski ya kompyuta yangu ilikufa, nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, naye akafunga diski mpya na kupiga Windows 11 kutoka kwenye flashi yake. Tulipofika kwenye ufunguo, ule wenye herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, kompyuta iliukataa. Tuliurudia mara nne tukibishana kama alama fulani ni O au sifuri, na sasa najua mabishano yale hayakuwa na msingi, kwa sababu herufi O na tarakimu 0 hazimo kabisa katika funguo za Windows, kama zisivyokuwemo I na 1. Za kuangaliwa kwa makini ni B na 8, au G na 6. Mwishowe fundi alisema ufunguo ni feki, akataka nimwongezee fedha ili aikraki, yaani aifungue kwa hila bila leseni.

Nilikataa. Ndani ya kompyuta ile mna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya shule na mikataba ya watu wanaokuja kwangu kuchapa na kutoa kopi, na programu nyingi za kukraki humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Mtu aliyeniachia cheti chake hakunipa ruhusa ya kukiweka mahali pasipo na mlinzi.

Fundi wa pili, kijana wa Mwenge, hakuanza na ufunguo. Alifungua mipangilio, akanionyesha kwamba flashi ya mwenzake iliweka toleo la Pro, ilhali ufunguo wangu ulikuwa wa Home. Ufunguo wa Home hauamilishi Pro, yaani hauithibitishi kuwa ina leseni, hata uwe halali namna gani. Akaweka Home, akachagua kuendelea bila ufunguo, akaunganisha intaneti, na baada ya muda mfupi Windows ikajiamilisha yenyewe. Alinieleza kwamba tangu Windows 10 iliyotoka mwaka 2015, kompyuta iliyokwisha kuamilishwa hubaki na leseni ya kidijitali inayofungamana na vifaa vyake, hasa ubao mama, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Kwa hiyo diski ikibadilishwa leseni haipotei, lakini ukibadilishwa ubao mama inaweza kupotea. Aidha, kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows 8 au za baada yake zina ufunguo uliohifadhiwa ndani ya ubao huohuo, ndiyo maana ukizigeuza hukuti stika yenye ufunguo kama zamani.

Sisemi kwamba kila ufunguo unaokataliwa umeonewa. Kompyuta ya mtumba iliyotoka katika shirika kubwa huenda iliamilishwa kwa leseni ya shirika, ambayo kwa kawaida huitaka mashine iwasiliane na seva, yaani kompyuta kuu, ya shirika hilo angalau mara moja kila siku 180. Ikishafika dukani kwetu mawasiliano hayo yamekatika, na mnunuzi huja kuona onyo la uamilishaji miezi kadhaa baada ya kulipa.

Kwa hiyo nawaomba mafundi, pale diski inapokuwa bado inasoma, wafungue sehemu ya uamilishaji na kuandika toleo kwenye risiti ya mteja kabla ya kufuta chochote, na flashi zao zibebe matoleo yote, si Pro peke yake. Wauzaji wa kompyuta za mtumba nao waandike kwenye risiti kama Windows iliyomo ni Home au Pro, na kama leseni yake ni ya mashine yenyewe au ya shirika lililoitumia. Ni maneno machache tu, na mnunuzi ana haki ya kuyapata kabla hajatoa fedha yake.

Mwenye steshenari,
Sinza, Dar es Salaam