Salamu za Krismasi kutoka Muleba kwa wenye ndugu Kaboya

Ndugu zangu wa Songea, Nzega, Kondoa, Pemba na kote mlikotoa vijana kwenda Vita vya Kagera, nawatakia heri ya Krismasi. Ambao sikukuu hii si yenu, pokeeni salamu za jirani.

Huku kwetu mvua imenyesha vizuri, senene wamekaangwa, na kila basi linalofika linashusha watu na mizigo yao. Mhaya aliye mbali hujitahidi afike nyumbani Desemba. Akishaamkia wazee, hupita mgombani kuyasafisha makaburi, maana wafu wetu tunawazika kibanjani, hatua chache kutoka mlangoni. Hapo ndipo ninyi hunijia moyoni. Vijana wenu zaidi ya 600 wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya jeshi humu humu wilayani kwetu, na ninyi mko mbali nao.

Mwenzangu mmoja kazini ni wa Nzega. Alikuwa mtoto wa shule majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu ng'ambo ya Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Kaka yake alikuwa mwanajeshi. Krismasi ile ilimkuta huku mstari wa mbele, akaandika barua ya ukurasa mmoja. Vita hakuitaja. Alimwomba baba asimtoe mdogo wake shule, hata hali ikiwa ngumu namna gani.

Tarehe 11 Aprili 1979 redio ikatangaza kwamba Kampala imeanguka. Nzega nzima ikatoka barabarani, na mama yao akacheza ngoma pamoja na wenzake akijua mwanawe yu njiani kurudi. Taarifa ya kifo iliwafikia baada ya hapo. Mwenzangu anasema mama hakuwahi kujisamehe ngoma ile. Mimi nasema alicheza kwa haki, kwani ushindi ule ulikuwa wa mwanawe kuliko wa mtu mwingine yeyote mjini pale.

Krismasi ya 1979 taifa zima lilikuwa limefunga mkanda. Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tuvumilie miezi 18, na sukari na sabuni vilikuwa vya kutafuta kwa taabu. Asubuhi ya sikukuu majirani waliingia kwa mama yule mmoja mmoja, kila mtu na sukari kidogo aliyoifunga kwenye karatasi, wakachemsha chai ya pamoja, wakakaa naye mpaka jioni wakimzungumzia kijana wake: alivyokuwa akipiga mpira, alivyokuwa mvivu wa kuchota maji. Wengine waliona haifai kumtaja siku ya furaha. Mama ndiye aliyewaambia waendelee.

Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi huwakumbuka kwa mashada na gwaride. Ni heshima wanayostahili, lakini nyumbani pengo huonekana zaidi siku ya pilau, watoto wanapohesabiwa sahani. Wazazi wengi wa waliolala Kaboya wametangulia. Sasa kumbukumbu mnayo ninyi kaka na dada, nanyi mmezeeka. Wajukuu wapo hapo mezani. Watajieni jina lake.

Na ninyi ambao kidonda chenu bado kibichi, mliofiwa pale kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilipovamiwa tarehe 7 Desemba 2017, tukapoteza vijana wasiopungua 14: mwezi huu najua ni mzito kwenu. Poleni sana.

Mkipanga safari ya Kaboya, karibuni. Ni eneo la jeshi, hivyo mtajieleza getini. Mkitoka hapo msikimbilie basi. Pigeni hodi nyumba yoyote hapa Muleba, semeni mmekuja kumwona ndugu yenu. Ndizi zipo, na mahali pa kulala hapakosi.

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute wazima.