Udongo Mliochukua Langoni Haukuwa Wetu

Kwa Afisa wa Mazingira wa eneo letu,
Nairobi.

Bwana Afisa, salamu.

Jumanne ile mlipokuja na gari lenu jeupe kuchukua udongo wa kiwanja wanapochezea watoto ukapimwe sumu, mimi ndiye niliyewapa paketi ya unga. Kijana wako hakuwa na chombo cha kutilia udongo. "Shosho, huna mfuko?" akaniuliza kwa adabu, nikamkung'utia paketi iliyotoka kutumika kwa ugali. Akachota kwa mwiko wa mwashi, mara moja tu, hapo langoni, akaikunja paketi, mkaenda zenu. Baadaye tukaambiwa kwa mdomo kwamba udongo wa kiwanja hauna tatizo.

Naamini hauna. Ule wa langoni ni maramu, udongo mwekundu wa kujazia barabara. Uliletwa na lori mwaka jana, matope ya masika yalipofanya lango lisipitike. Mtoto yeyote wa hapa mtaani angekuonyesha mpaka wake: wekundu unakomea kwenye nguzo ya pili ya stima, na kutoka hapo ni ule udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka Januari na kung'ang'ania viatu Aprili.

Kwenye huo mweusi ndiko betri kuukuu za magari zilikovunjwa kwa shoka miaka nenda miaka rudi. Asidi ilimwagwa mtaroni, risasi (si ya bunduki, ni ile metali yenye sumu iliyo ndani ya betri) ikayeyushwa nyuma ya ukuta, majivu yakatupwa popote. Wenye kazi walishahama. Risasi haijahama. Haiozi, na hujishikiza kwenye tabaka la juu la udongo, pale pale wasichana wanapocheza mchezo wa kati kabla ya kushika mandazi kwa mikono isiyonawiwa. Ng'ambo ya mtaro kuna sukuma wiki ya kuuza.

Usinione mjuaji. Kabla ya kustaafu nilichota udongo wa maabara ya kilimo hadi magoti yakakataa. Kwa hiyo nasema: rudini, na msije na mwiko mmoja. Kiwanja kigawanywe miraba, kila mraba uchotwe sehemu kadhaa, uchanganywe kwenye ndoo safi, ndipo itolewe sampuli moja. Lakini pale betri zilipovunjiwa pachukuliwe peke yake. Ukichanganya sumu ya kona moja na udongo safi wa kona tatu utapata wastani wa kupendeza, na mtoto hachezi kwenye wastani. Sentimita chache za juu zipimwe kivyake kwa sababu ya watoto, na za chini zaidi kwa sababu ya mizizi ya mboga. Mwiko uoshwe kila baada ya shimo. Mchukue pia udongo wa kulinganishia, mahali ambapo moshi haukufika. Kila sampuli iandikwe mahali, kina, tarehe na aliyeichota, na kila anayeipokea atie sahihi mpaka maabara. (Paketi ya karatasi yenyewe siilaumu, hubeba udongo wa kupima risasi bila shida. Iwe mpya tu, isiwe na unga wangu.)

Hili si jambo geni kwenu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa utafiti wa jaa la Dandora: watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi ya kupita kiasi katika damu. Udongo ulipimwa pia. Na kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliozungukwa na sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo mwaka 2020 iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sisi hatutaki kufika huko. Fidia huja mtoto akiwa ameshadhurika.

Jambo la mwisho ni majibu. "Hauna tatizo" si kipimo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, nami naomba karatasi yenyewe ya maabara: miligramu ngapi za risasi katika kilo moja ya udongo, kutoka shimo gani.

Nipo nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Nitawasindikiza hadi nguzo ya pili. Ndoo mbili nimeshaziosha.

Wenu,
Shosho wa paketi ya unga