Barua kwa Mama Kulwa kuhusu Kijivu na Doa

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Kulwa,

Habari za Nansio? Baba Kulwa hajambo? Na pacha wetu wanaendeleaje na shule? Sisi huku tuko salama, tunamshukuru Mungu. Shija amepona kile kikohozi na amerudi darasani. Bibi yake bado yuko nasi, anakusalimu sana na anasema machungwa uliyotuma yalimfurahisha mno.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na ningependa ubaki nayo mkononi uisome tena ukiwa umetulia. Inamhusu paka wetu Kijivu. Na kwa kuwa Kijivu na huyo Doa wako walizaliwa tumbo moja wakanyonya ziwa moja, inamhusu Doa pia.

Kijivu ana virusi vya lukemia ya paka. Kipimo kimerudiwa na majibu ni yale yale.

Ilianzia kwenye jicho. Masika yalikuwa yanaisha, nikaona anafumba jicho la kushoto kila akitoka kwenye jua. Asubuhi iliyofuata nikambeba mpaka dirishani nimtazame vizuri. Unakumbuka macho yake yalivyokuwa ya kijani kibichi? Lile la kushoto lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia yenye wekundu, limeingia ukungu, na mboni imesinyaa kama punje ya ulezi. La kulia mboni yake ilikuwa kubwa kama kawaida. Siku hiyo hiyo nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alizima taa akammulika kwa tochi, kisha akamtia rangi fulani ya machungwa iitwayo floresini. Pale kioo cha jicho kilipochubuka, rangi hiyo hung'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Kwa Kijivu haikung'aa popote. Akasema basi hakuna kidonda juu ya jicho, uvimbe uko ndani. Akaniambia kwamba paka kijana akivimba ndani ya jicho bila kupigwa wala kukwaruzwa, mara nyingi chanzo ni maradhi yaliyo mwilini, kwa hiyo lazima damu ipimwe. Kipimo kiliagizwa Nairobi. Kilipofika akadondoshea tone la damu kwenye kibao kidogo, na baada ya dakika chache mstari ukajitokeza.

Nililia, sikufichi. Nikamuuliza kama ndiyo mwisho wake, akanikalisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayotaka uyajue.

Virusi hivi vimejulikana tangu 1964, vilipogunduliwa na William Jarrett na wenzake kule Glasgow, Uskoti. Jina lake linatisha kwa sababu linataja saratani ya damu, lakini saratani ni sehemu tu ya madhara yake. Paka wengi wanaokufa kwa virusi hivi hufa kwa kukosa damu, au kwa maradhi mengine madogo madogo ambayo mwili umeshindwa kuyakabili, kwa kuwa kinga imeshuka. Vinakaa kwenye mate. Paka wanaolambana, wanaokula sahani moja, wanaong'atana, ndivyo wanavyoambukizana. Na mama humpa mtoto akiwa tumboni au kwenye maziwa. Yule mama yao, yule mweupe aliyezalia chini ya ngazi zetu, unakumbuka alivyokonda mpaka akafa? Daktari aliposikia habari zake alitikisa kichwa tu.

Si kila paka anayepata virusi hivi huishia pabaya. Wapo ambao mwili wao huvishinda, na wapo ambao hubaki navyo vimelala miaka na miaka. Wale ambao vimewashika kabisa, wengi huishi kama miaka miwili au mitatu tangu wagundulike, na wengine huzidi hapo. Miaka miwili kwa paka ni sehemu kubwa ya maisha, Mama Kulwa. Ndiyo maana niliposhauriwa hapa mtaani nimtie kwenye kiroba nikamtupe mbali, nilikataa palepale. Ana hamu ya kula, anacheza, jioni anampanda Bibi mapajani. Huyo si paka wa kutupwa.

Majirani wengi wanasema ana UKIMWI wa paka na atawaambukiza watoto. Hilo nimelikanusha kila nilipolisikia, nawe likifika huko likanushe. Huo wanaouita UKIMWI wa paka ni virusi vingine, ingawa kibao kile kile hupima vyote viwili, na Kijivu hana. Vya lukemia havimwingii binadamu, wala mbwa. Na nje ya mwili havidumu: vikikauka vinakufa baada ya saa chache, na sabuni ya kawaida inaviua.

Nirudi kwenye jicho, maana hapo ndipo kazi ilipo. Daktari alitoa dawa za matone za aina mbili. Moja ya kupunguza uvimbe, yenye steroidi. Nyingine ni atropini, ya kufungua mboni ili isigande na kuondoa maumivu. Mimi humviringisha kwa kanga kuukuu mpaka kibaki kichwa tu, nikapiga magoti mkekani nikamweka katikati ya mapaja, mgongo wake ukinielekea. Mkono wa kushoto unashika kidevu na kukiinua, kidole gumba cha kulia kinavuta kope ya juu, na chupa naileta kutokea nyuma ya kichwa ili asiione. Tone moja, basi. Nasubiri kama dakika tano ndipo natia la pili, la sivyo la pili linaliosha la kwanza. Kama kuna dawa ya kupaka, hiyo inakuwa ya mwisho. Tongotongo nafuta kwanza kwa pamba na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kutoka pembeni mwa pua kwenda nje, na kila jicho lina pamba yake.

Siku ya kwanza ya atropini alitokwa povu mdomoni, Shija akapiga kelele kwamba paka anakufa. Nikampigia daktari. Kumbe dawa hiyo ni chungu sana, na machozi ya jicho hushuka puani mpaka kooni, hivyo paka anaionja. Povu lilikwisha baada ya muda mfupi. Nakuambia ili likikukuta usishtuke. Jambo jingine, mboni ikishafunguliwa na dawa, jua linamuumiza. Nilimwekea pazia zito la khanga mbili kwenye chumba cha nyuma, akawa analala humo mchana.

Hapa nisikilize kwa makini. Ukimwona Doa ana jicho bovu usiende duka la dawa kununua matone ya kubahatisha, wala usiazime chupa ya mtu. Matone yale yenye steroidi yaliyomsaidia Kijivu, yakitiwa kwenye jicho lenye kidonda juu yake, yanaweza kukila kile kioo mpaka kikatoboka. Na paka wengi huku wana ile mafua ya paka inayoacha vidonda machoni. Kwa macho tu, mimi na wewe hatuwezi kutofautisha. Ile rangi ndiyo inayotofautisha. Parasetamoli nayo usimpe kabisa hata akiwa na homa kali, hata nusu kidonge. Inaua paka.

Jicho la kushoto halikupona sawasawa. Uvimbe ulipungua, maumivu yakaisha, lakini haoni tena upande huo. Daktari anasema likija kupanda presha na kuanza kumuuma, ni heri litolewe kuliko kumwacha ateseke nalo, na nimekubali. La kulia ni zima hadi leo, nalichunguza kila asubuhi. Nalinganisha mboni na rangi, naangalia kama anafumbafumba. Virusi hivi vinaweza kuleta uvimbe wa saratani ndani ya jicho, vinaweza pia kugusa mishipa inayoendesha mboni, ikawa moja kubwa moja ndogo leo, na kesho zikabadilishana. Macho ni kitu cha kuharibika kwa siku chache tu, hivyo sitasubiri jumatatu kama nimeona tatizo ijumaa.

Kuhusu chakula, nimeacha kumpa kitu chochote kibichi. Mwili wake hauna nguvu ya kupambana na vijidudu vya nyama mbichi. Isitoshe, baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ambacho kikipikwa kinaisha. Nanunua vipande vya sangara soko la Mwaloni, nachemsha bila chumvi, natoa miiba yote kwa vidole. Sipiki na kitunguu, maana kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na hizo ndizo anazozihitaji kuliko chochote. Siku nyingine ni maini kidogo au kuku, kwa sababu samaki peke yake hawatoshi. Kila wiki namfunua mdomo niangalie ufizi. Ukiwa wa waridi nafurahi, ukipauka ni dalili damu imepungua. Na mwisho wa mwezi jirani yangu anayeuza dagaa ananiazima mizani yake ya kuning'iniza. Tunamtia Kijivu kwenye kapu, tunatoa uzito wa kapu. Mara ya mwisho alikuwa kilo 3 na robo, hajapungua.

Nje hatoki tena. Baba Shija alipigilia wavu wa waya madirishani. Alilia mlangoni siku za mwanzo, nikaumia moyo, lakini akitoka atawaambukiza paka wa watu na yeye ataokota maradhi ambayo hawezi kuyabeba. Kinyesi chake natoa kila siku. Hili limwambie mdogo wako, nimesikia ni mjamzito: paka yeyote, hata asiye na virusi hivi, anaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vinahitaji siku moja au zaidi nje ndipo viwe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku hatari inapungua sana. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine, yeye asiguse.

Sasa Doa. Umeniambia kwenye simu ananenepa na anawinda panya shambani, na nimefurahi kusikia. Hata hivyo nakuomba umlete apimwe. Paka mwenye virusi hivi anaweza kuonekana mzima kabisa kwa miaka. Kipimo hakiangalii kinga, kinatafuta chembe za virusi vyenyewe kwenye damu, hivyo hakidanganywi na kinga aliyopewa na mama yake. Akitoka salama, kama amekuwa akikutana na paka wengine arudiwe baada ya wiki kadhaa, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Baada ya hapo apewe chanjo. Chanjo ya ugonjwa huu ipo tangu 1985. Inamkinga ambaye hajaambukizwa, haimtibu aliyekwisha kuupata, ndiyo sababu wanapima kwanza.

Na wakimkuta nao, usikubali mtu akuharakishe kumuua. Mfunge uzazi ili asizurure, mpe dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa apewe kama kawaida, na mtenge na wale wa jirani. Nami nitakuwa nawe hatua kwa hatua. Najua Baba Kulwa atasema pesa za paka zinatoka wapi. Mwambie gharama ya kupima tutachangiana, Baba Shija ameshakubali.

Kumsafirisha, mtie kwenye kapu la ukindu lenye kifuniko, ulifunge kwa kamba, chini utandike nguo uliyoivaa ili anuse harufu yako. Asubuhi ya safari usimpe chakula, ziwa likichafuka atatapika. Kwenye meli kaa ndani, upepo wa sitahani ni mkali kwa macho yake. Ukifika hapa kwetu, Doa atakaa chumba cha Shija na Kijivu chumba cha nyuma, kila mmoja na sahani yake na boksi lake la mchanga, wasionane mpaka majibu yatoke. Daktari yupo jumatatu hadi jumamosi mchana, ila kipimo lazima akiagize mapema, kwa hiyo nitumie ujumbe siku utakayoichagua angalau wiki moja kabla. Na kabla ya kufunga safari, mtazame Doa macho yake dirishani kwenye mwanga wa asubuhi, yote mawili, kisha uniambie ulichokiona.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Mama Shija