Barua ya Malalamiko: Kitako Mlichoniuzia Sicho Kilichoandikwa Kwenye Risiti

Nairobi

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo na Ufundi.

Bwana Meneja,

KUH: KITAKO CHA BUNDUKI KISICHOLINGANA NA RISITI, NA KITAKO CHANGU CHA AWALI MLICHOKITUPA

Mwezi Mei niliwaletea bunduki yangu ya bolti (ile unayoikoki kwa mkono kila risasi), ya risasi za .308 Winchester, pamoja na cheti chake. Tatizo nililieleza kaunta bila kuficha kitu. Nikiipiga ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, matundu kwenye karatasi ya shabaha yanakusanyika vizuri. Nikiifunga miguu miwili ya kuisimamisha mbele na kuiegemea, yanatawanyika na kupanda juu. Kitako chake cha kiwandani, yaani mwili wote unaobeba chuma kutoka begani hadi chini ya mtutu, ni cha plastiki, na chini ya mtutu plastiki hiyo ni laini kiasi kwamba ukiibana kwa kiganja inapinda mpaka iguse chuma. Mtutu ukisukumwa hivyo, hasa ukishapata moto, risasi haiendi tena pale pale.

Nilichotaka kujua ni kama kitako hicho kinatengenezeka au lazima nibadilishe. Si swali la kijinga. Sehemu inayogusa mtutu inaweza kupigwa msasa, mashimo ya mbele yakajazwa epoksi ili pawe pagumu, na skrubu zikakazwa upya kwa kipimo. Kazi hiyo haigharimu hata robo ya bei ya kitako kipya. Isitoshe, plastiki ina sifa yake: hainywi maji ya mvua ikavimba kama mbao. Fundi wenu hakushika hata bisibisi. Alikitazama tu, akasema ni cha kutupa.

Kisha muuzaji akaniletea kingine, akakisifia kwamba ni chepesi na sitachoka nikitembea nacho porini. Porini wapi? Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Bunduki hii kazi yake ni kutoboa karatasi uwanjani, nami nimelala kifudifudi, na kwa kazi hiyo uzito kidogo ni faida kwa sababu unapunguza teke la bunduki. Kilichonifanya nitoe shilingi 78,000 ni jambo moja tu aliloniambia: kwamba ndani yake kuna pande la aluminiamu ambalo chuma cha bunduki kinakalia. Kitako cha namna hiyo kina maana, sibishi. Aluminiamu haibonyei chini ya skrubu, na bunduki ukiifungua na kuirudisha inakaa ilipokuwa. Risiti yenu inasema hivyo hivyo: "kitako chenye pande la aluminiamu".

Uwanjani bunduki ikapiga vibaya kuliko mwanzo, hata juu ya mfuko wa mchanga. Nilichukua noti ya shilingi mia, nikaipitisha kati ya mtutu na kitako nione kama vinagusana. Ilikwama upande wa kulia kabla ya kufika nusu ya njia. Kwenye kitako cha zamani, bunduki ikiwa haijaegemewa, noti hiyo ilikuwa ikiteleza mpaka mwisho.

Nikafungua skrubu na kuinua chuma. Ndani hamna aluminiamu. Ni plastiki tupu na mbavu zake za plastiki, na kuzunguka tundu la skrubu ya mbele imebonyea ikaacha duara jeupe. Alama hiyo inanieleza kwamba fundi wenu aliikaza kana kwamba aluminiamu ipo. Vitako vyenye pande hilo hukazwa hadi inchi-pauni 65 hivi, kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu. Plastiki tupu huhitaji nguvu ndogo kuliko hiyo. Kwa maneno mengine, aliyekiuza na aliyekifunga hakuna aliyechungulia ndani.

Kijana wenu wa kaunta alinijibu kwamba plastiki zote ni moja, nipunguze tu kuegemea. Nilipodai basi kitako changu cha kiwandani, nikaambiwa kimeshatupwa. Kwa ruhusa ya nani? Sikuwauzia, sikuwaachia, na kwenye risiti hakuna mstari unaosema kitabaki kwenu. Hili limeniudhi kuliko hela.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 78,000 zote pamoja na malipo ya ufundi. Mnirudishie kitako changu, au kingine cha kiwandani cha modeli ile ile. Na fundi mwingine, si yule, akague nyuzi za skrubu ya mbele nikiwa nimesimama hapo, kwa sababu kama zimelika, hasara hiyo nayo ni yenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Zikipita siku 14 kuanzia siku mtakayoipokea barua hii bila jibu la maandishi, nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za ndani ya kitako na picha ya noti ilipokwama. Kitako chenyewe ninacho. Bunduki nitaileta kwa miadi tu. Mnipangie siku na saa, na jina la fundi atakayenipokea.

Wenu mwaminifu,
Mteja, mwenye risiti iliyoambatishwa