Kwa somo yangu wa Bagamoyo, kuhusu hamira

Ngamiani, Tanga

Somo yangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeipata, na dagaa pia, Mungu akubariki. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, ila kinywa kizima: tangu alfajiri ananigombeza kwamba nakaa kuandika na vitumbua havijaungwa.

Nije kwenye swali la yule mwanafunzi wako wa kidato cha sita. Anataka kujua seli ya hamira ikigawanyika inahakikishaje kwamba DNA imenakiliwa yote, tena mara moja tu. Wewe umemjibu kwamba seli ina saa yake ndani. Hapo, somo, tutagombana. Saa haingoji mtu. Kungekuwa na saa tupu, siku kunakili kukichelewa seli ingejigawa vivyo hivyo, na mtoto angeondoka na kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, pungufu. Hamira ina kromosomu 16, na ikishiba inamaliza mzunguko mzima wa kujigawa kwa dakika 90 hivi. Kwa mbio hizo, ovyo kidogo tu na tusingekuwa na cha kuumulia unga.

Lakini kabla ya maelezo, waonyeshe. Tia hamira ya chenga kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, funika mpaka itoe povu. Chukua tone moja, lizimue sana kwa maji, maana likiwa zito wataona ukungu mtupu, kisha likuze mara 400 kwa darubini. Wataona seli za mviringo. Baadhi ziko peke yake, baadhi zina kinundu kidogo ubavuni, na nyingine kinundu kimekaribia ukubwa wa mama yake. Usiwaache wapite hapo kwa haraka. Isiyo na kinundu bado haijaanza kunakili. Kinundu kikianza kuchomoza, kunakili nako kumeanza. Kikiwa kikubwa, DNA iko tayari kugawanywa au inagawanywa. Yaani kwa jicho tu unajua kila seli imefika wapi.

Leland Hartwell, mtafiti wa kule Seattle, Marekani, alijenga kazi yake nzima juu ya kinundu hicho. Alikusanya hamira zenye kasoro ambazo kwenye nyuzijoto 23 zinakua vizuri, ukizipandisha hadi 36 zinakwama. Na kila kasoro inakwamisha mahali pake: ukikuta seli zote zimesimama na vinundu vikubwa, unajua kilichoharibika kinahitajika hapo. Kwa njia hiyo zilipatikana jeni zaidi ya 100. Mojawapo, CDC28, ikiharibika seli haianzi kabisa: hakuna kinundu, hakuna kunakili.

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Kwenye DNA ya hamira kuna takriban sehemu 400 ambapo kunakili huanzia, na kila moja imekaliwa na kundi la protini liitwalo ORC. Seli ikiwa bado haijaamua kugawanyika, protini nyingine mbili, Cdc6 na Cdt1, zinasaidiana na ORC kuivisha DNA maduara ya Mcm, kila duara protini 6. Maduara hayo ndiyo yatakayoifunua DNA, ila kwa wakati huo yamelala. Ili yaamke inahitajika Cdc28, protini inayotokana na ile jeni ya CDC28, tena yenye nguvu, na nguvu hiyo inaipata ikishikana na protini zinazoitwa saiklini. Saiklini zikiongezeka, maduara yanaamka na kunakili kunaanza. Lakini nguvu hiyohiyo inazuia maduara mapya yasivishwe! Cdc6 inabandikwa fosfeti na kuvunjwavunjwa, ORC inadhoofishwa, na Mcm zilizobaki bila kazi zinatolewa nje ya kiini cha seli. Ni kama pale stendi: tiketi zinakatwa gari likiwa limesimama, dereva akitia moto dirisha linafungwa, na aliyekosa angoje safari nyingine. Kwa seli, dirisha halifunguliwi mpaka saiklini zivunjwe, na hizo zinavunjwa wakati kromosomu zinaachana. Hakuna anayehesabu nakala. Nguvu ikiwa chini unajitayarisha, ikiwa juu unanakili, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Mwaka 2001 watafiti walioitaka hamira inakili mara ya pili ndani ya mzunguko mmoja ilibidi waharibu vizuizi vyote vitatu, kile cha Cdc6, cha ORC na cha Mcm.

Nisikudhulumu lakini, saa yako ina ukweli wake kidogo. Katika kasoro za Hartwell kuna ile ya jeni iitwayo cdc4. Seli zake hazinakili kitu, ila vinundu vinaendelea kuchomoza, kimoja baada ya kingine, mpaka seli haitazamiki. Kwa hiyo kuna kitu kinachopiga hatua hata kazi isipofanyika. Ila tazama matokeo yake, somo. Seli hiyo haifiki popote.

Bado nusu ya pili ya swali la kijana wako: seli inasubirije mpaka DNA iwe imekamilika yote, nzima? Hartwell na mtafiti mwenzake Ted Weinert walipiga hamira mionzi ya eksirei ili DNA ikatike. Hamira ya kawaida inasimama, inaunga, ndipo inagawanyika. Isiyo na jeni ya RAD9 haisimami. Inajigawa na mikato yake na kufa. Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: hizo zisizo na RAD9 wakazizuia kwa dawa kwa saa chache zisigawanyike, na nyingi zikapona. Vifaa vya kuunga zilikuwa navyo siku zote, kilichokosekana ni muda. Hayo waliyachapisha mwaka 1988. Kunakili kukikwama njiani, wanaopiga breki ni protini ziitwazo Mec1 na Rad53. Protini nyingine, Mad na Bub, zinazokagua kama kila kromosomu imeshikwa sawasawa kabla ya kuachana, tuziache kwa barua nyingine.

Kijana wako akiuliza hamira inamhusu nini, mwambie habari za mtafiti Mwingereza Paul Nurse. Yeye alitumia aina nyingine, isiyochipua vinundu bali inajikata katikati, iliyopatikana mwaka 1893 katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Ndiyo maana hadi leo vitabu vinaiita Schizosaccharomyces pombe. Jeni yake iitwayo cdc2 inafanya kazi ileile ya CDC28. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee waliipata jeni ya binadamu kwa kuitia ndani ya hamira ambayo cdc2 yake imeharibika. Hamira ikagawanyika kama kawaida! Mwaka 2001 Nurse, Hartwell na Tim Hunt, aliyezigundua saiklini, wakapewa tuzo ya Nobeli.

Vile vioo vya darubini ulivyoomba nimepata pakiti moja, nitampa binamu yako akirudi. Ila hamira nunua mpya, ya kopo lililokaa wazi itakuaibisha mbele ya watoto. Msalimie shemeji na wanao. Mama anauliza ile mikeka umeishia wapi nayo, na safari hii hataki visingizio.

Wasalaam,
Somo yako, Mwanaidi