Ndege za usiku Lamu, tuambiwe

Mhariri, huku Lamu ndege isiyo na taa ikipita tu usiku juu ya Manda watu washaanza, ooh ni ya siri ya Wamarekani, ooh si ya dunia hii. Mi naona tusikimbilie mambo ya majini na pia tusiwacheke wanaoziona, manake huko Marekani F-117, ndege ya kivita isiyoonekana kirahisi kwenye rada, iliruka mara ya kwanza 1981 na serikali yao ikaja kukubali 1988, miaka saba yote hiyo wanakaa kimya. Na hapa Manda Bay kambi ya jeshi wanayoitumia Wamarekani ipo, Al-Shabaab waliishambulia Januari 2020 ndege zikachomwa, nani asiyejua? Wavuvi wetu wako baharini usiku na wanaogopa kweli. Kama kuna mazoezi wakuu watangaze mapema, siri zao wabaki nazo.

Msomaji wenu, Mokowe