Risala ya Kikundi cha Vijana Wanaojifunza Mitandao ya Kompyuta, Uyole, Mbeya, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini, wazazi na walezi wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kwetu asubuhi hii ya baridi. Wapo walioalikwa kabla yako wakatuma wawakilishi. Kufika kwako mwenyewe tumekuhesabu kuwa msaada wa kwanza.

Kikundi kilianza mwaka 2021 kikiwa na wanachama saba na kompyuta mpakato mbili, moja ikiwa haina betri. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa sana: tumenunua ruta moja na swichi mbili za mtumba, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, tumetengeneza meza nne, na wanachama wetu watatu wamefaulu CCNA, yaani mtihani wa ufundi wa mitandao ya kompyuta wa kampuni ya Cisco inayotengeneza vifaa vya mitandao, ambao cheti chake kinatambulika duniani kote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtihani huo wa dakika 120 haumwachii mtahiniwa nafasi ya kurudi kwenye swali alilokwisha kulipita, na humtaka agawe anwani za mtandao, yaani namba zinazotambulisha kompyuta, kwa haraka bila kikokotoo. Kwa hiyo tunajiandaa kwa miezi mingi, mchana tukiwa kwenye mashamba ya viazi au vibanda vya simu Mwanjelwa, na jioni tukifanya mazoezi kwa Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ambayo Cisco huitoa bure. Hata ada ya dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki saba, tunaitafuta wenyewe kwa kupeana upatu. Tunapokwama ni mahali pa kuufanyia.

Mtihani unaweza kufanyika kwa intaneti, msimamizi akimwona mtahiniwa kwa kamera kutoka mbali. Masharti yake ni chumba kilichofungwa, meza isiyo na hata karatasi, mtu mwingine asiingie, na mtandao usiyumbe. Mwezi Machi mwaka huu mwenzetu mmoja alianza vizuri katika chumba hiki ulichoketi. Tulikuwa nje, tumewazuia watoto wasipite dirishani, mvua ikipiga bati, ndipo umeme ukakatika. Kompyuta yake ilibaki inawaka kwa betri, lakini ruta ilizimika, na mtihani ukakatikia hapo. Alitoka bila kusema neno, akaenda kukaa kwenye ngazi. Aliyefuata katika zamu aliona afadhali apande basi hadi Dar es Salaam akafanyie huko. Nauli, malazi na chakula vikala fedha ya upatu wa mwenzake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si geni mbele ya wageni wetu. Mwaka juzi, katika hafla kama hii, tuliahidiwa betri na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe vifaa vyetu, ndani ya miezi mitatu. Tulipiga makofi, tukapiga picha, tukapewa namba ya msaidizi, ambayo kwa sasa haipatikani. Kwa imani tuliyokuwa nayo tulimlipa fundi atengeneze rafu ya kuwekea betri hizo. Utaiona nyuma ya mlango, imewekwa madumu ya maji. Tunalisema hili bila nia ya kumvunjia mtu heshima.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba jambo moja tu: betri na inveta za kuendesha ruta na kompyuta moja kwa saa tatu, pamoja na kuunganishiwa intaneti ya waya. Vifaa vinaweza kununuliwa hapa hapa mjini, na fundi wa kuvifunga ni mwanachama wetu, hatadai malipo. Cheti cha CCNA hudumu miaka mitatu, hivyo hata hao watatu waliofaulu watakihitaji chumba hiki tena, na wanachama wawili wamekwisha kujiandaa kufanya mtihani kabla ya mwisho wa mwaka. Ikikupendeza, tungeomba utaje tarehe leo, mbele ya wazazi, ili katibu aiandike kwenye muhtasari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi